Pimbi na Mfereji wa Watatu

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na milango ya kubishia hodi na vigoda vya kukalishia wageni, palikuwa na mlima wenye chemchemi. Sogeeni karibu. Anayetaka kucheka acheke mapema, maana kuna mahali mbele huko nitakasirika, na nikikasirika sipendi kuchekewa.

Juu kwenye majabali ya mlima huo aliishi Bi Pimbi na watoto wake wanne. Pimbi mnamjua? Kanyama kadogo, kamejaajaa, hakana mkia. Wakubwa walipomwona walikuwa wakimtania, "Bi Pimbi, mkia umeusahau wapi?" Naye hujibu, "Niliuacha nyumbani ulinde watoto." Miguu yake ilikuwa haitelezi kwenye jiwe, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko miguu.

Chini yake aliishi Nungunungu. Msidanganyike na miiba ile, alikuwa mpole ajabu, ila aliogopa jua. Chini kabisa, penye udongo laini, palikuwa kwa Mzee Kobe.

Mwaka mmoja watatu hawa wakaingia ubia. Pimbi ndiye aliyeujua ufa wa jabali yanakotokea maji. Nungunungu akachimba mfereji kwa kucha zake, kwaru! kwaru! kwaru! mpaka chini. Mzee Kobe akabeba mawe bapa mgongoni, moja moja, akayapanga kingoni ili udongo usimomonyoke. Karibu na chemchemi wakajenga kidimbwi cha kukusanyia maji. Kandokando ya mfereji wakapanda majimbi. Yakaota, weee! Majani mapana, mizizi minene, chakula cha nyumba tatu.

Siku walipomaliza, Mzee Kobe akasema, "Wenzangu, mimi kiangazi hulala chini ya ardhi mpaka mvua. Ndugu yetu Nungunungu mchana hatoki. Kazi itasimamiwa na nani?"

"Na Bi Pimbi," akasema Nungunungu. "Afungue maji, afunge maji, aseme na majirani. Atakalofanya tumefanya sote."

"Na nikikosea?" akauliza Pimbi.

"Tumekosea sote," akasema Mzee Kobe.

"Na mtu akiumia kwenye mfereji wetu?"

"Tutampoza kwa tenga zima la majimbi," akasema Nungunungu. "Tusije tukaitwa majirani wabaya."

Wakapeana mikono. Mzee Kobe alichukua muda kuutoa wake, lakini aliutoa.

Kiangazi kikaja. Mzee Kobe akawaaga, akajifukia. Wazee wa mlimani walisema kumfukua kobe kabla ya mvua ni kumuua, kwa hiyo mahali alipolala hapakuwekwa hata alama, asije mtu akapata wazo.

Sasa, huko bondeni, tope la Bwana Nyati likakauka. Maskini, nitasema ukweli, alikuwa anateseka. Mgongo ulimpasuka, nzi walimla masikio. Angebisha hodi kwa watu angesaidiwa. Lakini Nyati hakuzoea kubisha hodi. Akapanda mlima, akakiona kidimbwi, akajitupa. Chubwi! Maji yakaruka huku na huku, ukingo ukabomoka, porooo! Yaliyobaki akayalalia. Mfereji ukakauka.

Bi Pimbi akaja mbio.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba. Sogea pembeni, unanizibia upepo."

"Bwana Nyati, hayo uliyoyalalia ni maji ya majimbi."

"Majimbi yangu?"

"Hapana, yetu."

"Basi nayo yaje yalale. Nafasi ipo?" Akacheka mpaka tope likatoa mapovu. "Nitatoka mvua zikinyesha. Nenda kalee watoto."

Siku ya kwanza majani ya majimbi yakainama. Siku ya pili yakalala. Mtoto mdogo wa Pimbi akauliza, "Mama, mbona yamesinzia?" Pimbi akachimbua mzizi mmoja, akauonja. Umeanza kuwa mgumu! Siku nne nyingine zikipita bila maji, shamba lote litageuka kamba, na nyumba tatu zitalala njaa: yake, ya Nungunungu, na ya Mzee Kobe ambaye ataamka na njaa ya miezi.

"Nakwenda barazani," akasema.

Baraza la mlima lilikaa mchana, mbele ya jabali moja pana, na hakimu alikuwa Mheshimiwa Hondohondo. Aligonga jiwe kwa mdomo wake mkubwa, ko! ko! ko! na hata simba alinyamaza. Desturi ilikuwa hivi: mwenye shauri hulaza juu ya jiwe jani la sale, lile refu la kijani ambalo watu wa milimani huliotesha mipakani. Mali ikiwa na mwenyewe mmoja, jani moja. Ikiwa na wenyewe wengi, kila mmoja aje na jani lake.

Pimbi akalaza jani lake. Nyati akaitwa, akaja anachuruzika tope. Ngiri, Kanga na Digidigi wakaja kusikiliza, maana shauri la mwenzio ni tamu.

"Sema, Bi Pimbi."

"Mheshimiwa, Bwana Nyati amelalia maji ya mfereji wangu..."

"Wako?" Nyati akadakia. "Wako peke yako? Mheshimiwa, uongo umeanza asubuhi! Mfereji una wenyewe watatu!"

Pimbi akajiuma ulimi. Hasira ilikuwa imemtangulia.

"Ni wetu, Mheshimiwa. Mimi, Mzee Kobe na Nungunungu. Mimi ndiye msimamizi. Walisema nitakalofanya, wamefanya wote."

"Shahidi?" akauliza Nyati. "Aje Kobe aseme. Aje Nungunungu aseme. Majani matatu, Mheshimiwa! Ndiyo desturi. Au Pimbi ana desturi yake?"

Hondohondo akainamisha mdomo. "Desturi ni hiyo. Bi Pimbi, walete."

"Mmoja amelala chini ya ardhi! Mwingine jua linampofua!"

"Basi tutangoja mvua," akasema Nyati kwa upole wa kuudhi. "Mimi sina haraka. Nina pa kulala."

Hapa ndipo ninapokasirika. Alijua! Alijua Kobe haamki na Nungunungu hatoki, ndiyo maana aliipenda desturi kiasi hicho. Kuna watu huitafuta sheria siku ile tu wanapotaka kujificha nyuma yake.

Hondohondo akamwonea Pimbi huruma. Akasema polepole, "Bi Pimbi, mwanzo ulisema mfereji ni wako. Ukiapa juu ya jani hili kuwa ni wako peke yako, jani moja linatosha. Nitamtoa Nyati leo hii."

Ngiri akanong'ona, "Apa, dada! Kobe amelala, atajuaje?"

Pimbi akalitazama jani. Neno moja tu, na maji yatashuka. Akawaza watoto wake wanne. Halafu akawaza mgongo wa Mzee Kobe na yale mawe, moja moja. Akiapa leo kuwa mfereji ni wake, basi Kobe ataamka hana mfereji, na atakuwa ameibiwa usingizini na rafiki.

Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

"Ni wetu, Mheshimiwa," akasema. Akaliokota jani lake, akaondoka. Nyati naye akarudi kulala.

Njiani Pimbi akapita kwa Nungunungu, akamwita mlangoni mwa shimo. Akamweleza yote.

"Nitakuja!" akasema Nungunungu. "Ngoja nijaribu." Akatoa pua. Akatoa jicho. Jua likampiga. "Aiii!" Akarudi ndani kinyumenyume, miiba ikagonga ukuta, cha-cha-cha-cha! Pimbi akamsikia analia humo ndani.

"Nimekuangusha, dada."

"Hujaniangusha. Hata ungekuja, majani yangekuwa mawili. La tatu liko chini ya ardhi."

"Sasa tufanyeje?"

Pimbi akakaa mlangoni, akafikiri. Akasema, "Ndugu yangu, Nyati amesema mmoja hatoshi kusema kwa niaba ya wote, kwa sababu mmoja huyo anamdai. Na kama mmoja huyo angekuwa anamletea chakula?"

"Angesema anatosha," akajibu Nungunungu.

"Haya," akasema Pimbi, akafuta macho. "Lala salama."

Asubuhi yake Bi Pimbi akapita kando ya kidimbwi. Hakumtazama Nyati hata kidogo. Akawa anajisemea kwa sauti, kama mtu aliyechanganyikiwa:

"Ee, balaa hili! Tuliahidiana wenyewe, kwa midomo yetu! Atakayeumia kwenye mfereji wetu tumpoze kwa tenga zima la majimbi. Tenga zima! Heri hakuna aliyeumia!"

Sikilizeni vizuri: hakusema uongo hata kidogo. Alisema kweli tupu, ila aliisema karibu na masikio makubwa.

Sikio moja la Nyati likasimama. La pili likasimama. Tumbo likanguruma, nguuu! Alikuwa hajala siku tatu, kwa kuogopa akienda malishoni mwingine ataingia.

Kesho yake, jua halijapanda, Nyati yuko mbele ya jabali, anachechemea.

"Uuuh! Mguu wangu! Uuuh! Mheshimiwa, nina shauri!" Akalaza jani lake la sale.

Ko! ko! ko! Ngiri, Kanga na Digidigi wakaja mbio. Pimbi akaitwa, akaja mdogo mdogo, kichwa chini.

"Sema, Bwana Nyati."

"Mheshimiwa, jana nimeteleza kwenye mfereji wa hawa watatu. Puu! Mguu umeteguka. Nadai tenga la majimbi, lililojaa mpaka juu, lisiwe la kutikiswatikiswa."

"Mfereji wa nani?"

"Wa Pimbi, Kobe na Nungunungu! Mlima mzima unajua."

"Bi Pimbi, jibu."

"Nitajibuje, Mheshimiwa?" akasema Pimbi kwa sauti nyembamba. "Mimi ni mmoja. Juzi hapahapa tuliambiwa wenyewe waje wote watatu. Tungoje mvua, Mzee Kobe aamke. Bwana Nyati hana haraka."

"Ninayo!" Nyati akanguruma. "Mpaka mvua majimbi yatakuwa yamekufa!"

Kanga akakohoa. Nyati hakusikia.

"Lakini desturi, Bwana Nyati," akasema Pimbi.

"Desturi gani ya kungoja aliyelala? Wewe si ndiye msimamizi? Maji hufunguliwa na nani? Na wewe. Hufungwa na nani? Na wewe. Majirani tukiwa na neno, tunamwambia nani? Wewe! Walikuachia kazi, basi walikuachia na mdomo!"

"Kwa hiyo," akauliza Hondohondo taratibu, "msimamizi mmoja anatosha kusimama kwa niaba ya ubia?"

"Anatosha na kubaki!"

"Hata kama mwenzake amelala?"

"Alale apendavyo!"

"Hata kama mwingine hakuja na jani?"

"Jani la msimamizi ndilo la wote. Mheshimiwa, hili hata mtoto analijua!"

"Utaapa?"

Nyati akapiga kwato juu ya jani, pwa! "Naapa!"

Ko! ko! ko!

"Baraza limesikia," akasema Hondohondo, na mimi nawaambia, ndege yule alitabasamu, ingawa kwa mdomo ule si rahisi kuonekana. "Hoja ya Bwana Nyati ina akili, na juzi mimi mwenyewe sikuiona. Kuanzia leo, anayesimamia kazi ya ubia atasimama hapa kwa niaba ya wenzake wote. Akishtakiwa atajibu. Akidhulumiwa atadai."

"Atadai?" akasema Nyati. Masikio yakaanza kushuka.

"Bi Pimbi, sasa jibu."

Pimbi akainua kichwa. Ile sauti nyembamba ikawa imekwenda zake.

"Najibu kwa niaba ya ubia wetu. Bwana Nyati, pole sana. Uliteleza kwa sababu gani?"

"Kwa maji! Mfereji wenu umelowa, tope tupu. Angalieni nilivyochafuka!"

"Jana?"

"Jana!"

Digidigi akaanza kucheka, akajiziba mdomo, akashindwa.

"Mheshimiwa," akasema Pimbi, "mfereji huo haujapata tone siku nne. Twende wote tukaukanyage. Vumbi litatufika magotini."

"Bwana Nyati," akasema Hondohondo, "maji hayo ya kukutelezesha yalikuwa wapi jana?"

"Yalikuwa..." Nyati akatazama huku, akatazama kule, akatazama tumbo lake lenyewe, ambalo lilikuwa bado linachuruzika. "Yalikuwa..."

"Yalikuwa chini yako!" akapiga kelele Kanga. "Na huo mguu! Umekuja unachechemea wa kulia, sasa unachechemea wa kushoto!"

Njia ya mwongo fupi. Baraza zima likaangua kicheko, hata Ngiri akagaragara. Hondohondo akaliondoa jani la Nyati kwenye jiwe.

Ndipo Bi Pimbi akasogea, akalaza lake. Moja tu.

"Mheshimiwa, nadai kwa jina la ubia wa Pimbi, Kobe na Nungunungu. Si kwa jina langu. Bwana Nyati ameingia kwenye kidimbwi chetu bila hodi, amebomoa ukingo, amezuia maji. Tunaomba atoke, na ukingo aujenge."

"Lakini Kobe hayu..." akaanza Nyati.

"Mkuki kwa nguruwe!" Kanga akamkatiza, na baraza likamalizia kwa kishindo.

Ko! ko! ko! Hukumu ikatoka: Nyati atoke, na ukingo usimame kabla jua halijafika utosini.

Basi mngemwona yule bwana! Anabeba udongo, anaushindilia kwa kwato, du! du! du! Na lazima niseme, ukingo ule ukawa imara kuliko wa mwanzo. Alipomaliza akasimama juani, nzi wakamrudia masikioni. Hakuwa na pa kwenda.

Pimbi akamtazama, roho ikamlainika.

"Bwana Nyati, maji yakishapita jimbi la mwisho kule chini, sisi hatuna kazi nayo. Hujikusanya penye bonde. Nenda ukalale hapo. Ungetubishia hodi siku ile ungepewa."

"Mimi?" Nyati akainamisha pembe. Sauti ilimtoka ndogo, ya ajabu kwa mwili ule. "Asante, Bi Pimbi."

"Utushukuru sote watatu."

Akashuka mlima taratibu, bila kuchechemea mguu wowote.

Pimbi akafungua maji. Churururu! Yakashuka mferejini, yakalamba vumbi, yakafika majimbi ya kwanza, ya pili, ya kumi. Watoto wake wakayakimbiza wanapiga vigelegele. Majani hayakusimama palepale, tusidanganyane. Lakini mizizi ilikunywa.

Pimbi akayafuata mpaka mlangoni mwa Nungunungu. Kutoka gizani mule ndani, sauti ikauliza:

"Dada, hayo ninayoyasikia ni maji?"

"Ni maji, ndugu yangu. Baraza limemtoa Nyati leo."

Kisha miiba ikalia kidogo, cha-cha, kama mtu anayegeukia ukutani.

"Watu wote walikuwepo leo barazani, isipokuwa mimi. Waliuliza kwa nini sikuja?"

"Hawakuuliza," akasema Pimbi. "Ulikuwepo."

Kwa hiyo, wanangu, shikeni hili: aliyeaminiwa kusimama kwa niaba ya wenzake, asimame nao wote, hata wale waliolala.